Kitasa hakiingizwi kwa nyundo

Wiki iliyopita nilipita Kirumba, hapa Mwanza, kwenye nyumba moja inayomaliziwa, nikamkuta fundi kijana anazamisha kitasa kwenye mlango wa mninga kwa nyundo ya misumari. Kila pigo, ubao unalia. Nilimsalimu, nikamwuliza kwa nini asikitoe kwanza aone kinakwamia wapi. Akanijibu kwa adabu kabisa: "Mzee, kikishaingia nani atakiona?" Jibu hilo sijaweza kulitua tangu siku ile, na ndilo limenikalisha niandike.

Mimi ni seremala. Milango na fremu ndizo zilizosomesha wanangu. Ninachokiamini kuhusu kazi hii ni kwamba chuma kinakaa kwenye mbao kwa kunyoa mbao, basi. Ukikilazimisha hujamaliza kazi. Umemwachia mwenye nyumba ufa utakaofunguka wewe ukiwa umeshalipwa.

Nayasema kwa sababu niliwahi kuyafanya. Nikiwa bado kijana nilipewa mlango wa mbele wa mwalimu mmoja mstaafu kule Nyegezi. Mninga safi, unene milimita 45. Kitasa chenyewe kina unene wa milimita 15 hivi, kwa hiyo ukichimba tundu katikati, kila upande unabaki ukuta wa milimita 15 tu. Ilikuwa Aprili, masika yamekolea, mbao zimekunywa unyevu. Kitasa kikagoma kidogo sana, kama unene wa ukucha. Nikakiwekea kipande cha mti juu, nikakipiga mpaka kikazama. Kikakaa vizuri, nikapongezwa, nikaondoka.

Julai mwalimu akapiga simu. Kiangazi kilikuwa kimeukausha ule mlango. Mbao husinyaa zikikauka, chuma hakisinyai. Tundu likazidi kubana, na kwa kuwa nilikijaza kitasa bila kuacha hata nafasi ya karatasi, ubao haukuwa na pa kwenda ila kupasuka. Ufa ulianzia kwenye skrubu ya juu ukashuka na nyuzi za mti karibu shubiri nzima. Mwalimu hakunifokea. Alinishika mkono, akakiweka kidole changu juu ya ule ufa, akaniuliza, "Kijana wangu, huu umetoka wapi?" Mlango huo niliutengeneza upya kwa fedha zangu, lakini kilichoniuma ni lile swali.

Baada ya hapo mzee aliyenifundisha kazi, ambaye sasa ni marehemu, ndipo akanionyesha masizi. Nadhani alikuwa anasubiri nikosee kwanza.

Unawasha koroboi, ile ya kawaida ya mafuta ya taa, na utambi unaupandisha hadi moshi uwe mweusi. Kitasa unakipitisha juu ya moshi taratibu mpaka kivae weusi pande zote, mwembamba kama poda. Kisha unakiingiza kwenye tundu kwa mkono, unakigonga mara moja kwa kishikio cha bisibisi, unakichomoa. Angalia ndani. Pale chuma kilipogusa, mti umepakwa weusi. Pale ambapo hakikugusa, mti uko vilevile. Sasa unachukua patasi na kunyoa weusi tu. Hunyoi palipo safi hata kama macho yako yanakwambia pamezidi. Unapaka tena, unaingiza tena, unatoa tena. Mara ya kwanza utaona vidoa viwili vitatu, kimoja pembeni na kingine chini. Kadiri unavyoendelea vidoa vinaongezeka na kusambaa, hadi inafika wakati weusi umeenea sehemu yote sawasawa, na kitasa kinashuka chenyewe kwa kusukumwa na dole gumba. Mlango mmoja unaweza kukutaka uingize na kutoa mara ishirini, hata thelathini.

Patasi iwe imenolewa mpaka inyoe vinyweleo vya mkono wako. Mninga una nyuzi zinazopishana. Patasi butu haiukati, inaung'oa. Mstari wa mwanzo uchore kwa ncha ya kisu. Penseli ina unene, na unene huo ndio pengo utakaloliona baadaye. Kata kwanza zile ncha mbili za tundu zinazokatiza nyuzi, ndipo ufuate urefu wake, la sivyo kibanzi kitakimbia kupita mstari na hutakirudisha. Na kile kibati cha mbele cha kitasa, kabla hujakizamisha, kipitishie tupa kwenye kingo ili upande wa chini uwe mwembamba kidogo kuliko wa juu. Kitaingia kama kizibo cha chupa: kadiri kinavyoshuka ndivyo kinavyojaza.

Miezi michache iliyopita kijana wangu alinionyesha kwenye simu video za Wamarekani wanaounganisha gobore nyumbani. Kule bunduki za kushindilia baruti kwa mdomo huuzwa vipande vipande ndani ya boksi: mtutu, mtambo wa kufyatulia, vibati vya shaba, na kitako cha mti ambacho mashine imeshakichonga karibu chote. Hapa Tanzania silaha huwezi kujiundia kiholela, kuna sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi, na mimi sina hamu nayo hata kidogo. Lakini nilisogeza simu karibu, kwa sababu yule mzungu alikuwa ameshika kibatari. Anapaka chuma masizi, anakigonga, anakitoa, ananyoa weusi. Kazi ya mzee wangu, neno kwa neno.

Kilichonigusa zaidi ni utaratibu wao. Mtutu unalazwa kwanza, halafu mkia wake wa nyuma, ndipo mtambo wa kufyatulia, mwisho kifyatuo kinachovutwa kwa kidole. Utaratibu huo haugeuzwi, kwa sababu kitundu cha kuwashia baruti ubavuni mwa mtutu lazima kikutane na kisahani cha mtambo kinachoshika baruti ya kuwashia. Ukitanguliza mtambo, umejifunga. Na nyuma ya mtutu, chuma lazima kiuegemee mti kwa upana wake wote. Kikigusa sehemu moja tu, kila risasi inapotoka, ule mrudisho wa nyuma unapigilia hapo hapo kama kabari, mpaka kitako kinapasuka pale kwenye shingo.

Mlango una utaratibu uleule. Bawaba kwanza, mlango uning'inie na ufunge vizuri, ndipo kitasa, na kibati cha kwenye fremu mwisho kabisa, baada ya ulimi wa kitasa kuonyesha wenyewe utakapogonga. Nao una mrudisho wake. Sisi tunaokaa kando ya ziwa tunaujua upepo wa mchana unavyoingia dirishani na kuubamiza mlango hadi vyombo vinatikisika kabatini. Kishindo hicho chote kinaishia kwenye kitasa. Kama kimeegemea mti pande zote, mti unakipokea. Kama kimening'inia kwenye skrubu mbili, tundu litapanuka siku baada ya siku, na mwaka hautaisha kabla mama mwenye nyumba hajaanza kuunyanyua mlango kwa goti ndipo ufunge.

Kuna wenzangu wanaochimba tundu kubwa kuliko kitasa, halafu pengo wanalijaza unga wa mbao uliokorogwa na gundi. Ukipigwa msasa na vanishi, siku ya kukabidhi hauonekani. Hili kwangu ni baya kuliko nyundo. Anayepiga nyundo ana haraka. Huyu anajua fika anachokificha. Unga na gundi havina nyuzi. Skrubu ikishika humo haijashika kitu.

Wateja nao nitawaambia ukweli. Kazi hii tunalipwa kwa mlango, hatulipwi kwa saa, na mteja akija jioni anahesabu milango iliyofungwa vitasa. Fundi aliyefunga miwili kwa siku anaonekana mvivu mbele ya aliyefunga sita. Ukitaka kujua umepata nini, usihesabu. Pitisha ukucha pale kibati kinapokutana na mbao, mzunguko mzima. Ukucha ukinasa, uliza. Kisha mwombe fundi afungue skrubu zote mbili na akitoe kitasa kwa vidole. Kikitoka bila kung'ang'aniwa, na ndani ukaona kuta zimenyooka, mpe fedha yake yote na umwongeze ya chakula.

Koroboi zenyewe zimeadimika tangu taa za sola zienee. Ya kwangu niliinunua Mwaloni kwa mama anayeuza vyombo vya bati, naye alishangaa naitakia nini mchana kweupe. Mshumaa nao hutoa masizi ukiuzuia kuwaka vizuri, ila una nta, unateleza, alama hazitulii.

Juzi mwanafunzi wangu alikuwa na mlango wa mkongo, mti mgumu. Alianza asubuhi. Saa saba mchana wenzake wamekwenda kula yeye bado anapaka, anaingiza, anatoa, uso umejaa weusi hadi masikioni. Sikumwambia kitu. Saa nane akaniita. Nilikitoa kile kitasa, nikamulika ndani kwa tochi ya simu: weusi umetanda sawasawa, kuta zote nne, hakuna doa lililozidi jingine. Nikakirudisha, kikashuka chenyewe. Nikamwambia atoboe matundu ya skrubu, atangulize skrubu za chuma zifungue njia kwanza, halafu zile za shaba azipake sabuni ya mche kabla ya kuzikaza, zisije zikakatikia ndani.