Bei ya Pikapu Haiko Kwenye Namba

Uliza bei ya Hilux ya zamani popote kati ya Iringa na Tunduma, jibu litaanza na herufi: "Hii namba D, bosi." Kisha herufi hiyo inapandishiwa milioni mbili au tatu. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopigwa. Herufi ya kwanza baada ya tarakimu inaonyesha gari lilisajiliwa Tanzania kipindi gani, haisemi liliundwa lini. Pikapu ya mwaka 1997 iliyoingia nchini ikiwa imeshachoka inaweza kuwa namba D, na mwenzake wa mwaka huohuo akawa namba A. Mwaka wa kuundwa usome kwenye kadi ya gari.

Bei ya haki huanzia kwenye bei ya pikapu nzima ya aina hiyohiyo, halafu unashuka. Aina hiyohiyo maana yake injini moja, kabini moja, difu (gia za kwenye ekseli) zilezile. Namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini nyingi za dizeli za Hilux za zamani huanza na 2L (lita 2.4), 3L (lita 2.8) au 5L (lita 3.0). Usilipie 5L ukapewa 2L. Na bei ya kuanzia iwe ya gari lililouzwa kweli karibuni, maana ya kwenye tangazo ni ombi tu.

Kabla ya kufungua boneti, lala chini. Huku kwetu pikapu ya tani moja imebeba viazi vya lumbesa kutoka Uporoto na Makete, mbao za Mafinga na mbolea msimu baada ya msimu. Uzito huo unamalizia hasira zake kwenye chasisi: nyuma ya kabini pale bodi ya mizigo inapoanzia, na kwenye mabano yanayoshika springi za nyuma. Pitisha kidole na tochi. Bati lililochomelewa juu ya reli ya chasisi linaficha ufa. Rangi mpya nyeusi upande wa chini tu nayo inaficha kitu. Hesabu majani ya springi kila upande. Yakiwa yameongezwa, ujue gari lilizoea kuzidishiwa. Mbolea ina ubaya wake mwingine: chembe zake zinabaki kwenye maungio ya bodi, zinavuta unyevu na kula chuma. Gari lililoishi Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, ligonge kwa bisibisi kila kona. Kutu ya juujuu inakwanguliwa, lakini bisibisi ikizama, ondoka. Kwa maoni yangu chasisi iliyopasuka haina punguzo linalotosha, kwa sababu hata ukiichomelea vizuri, mnunuzi atakayekuja baada yako atalala chini kama wewe.

Injini iende kuonwa alfajiri, na uiguse kwanza. Ikiwa ya moto, imewashwa kabla hujafika. Rudi siku nyingine. Dizeli iliyochoka haipendi baridi ya Juni na Julai, na hapo ndipo hita mbovu (plagi zinazopasha silinda moto) na kompresheni ndogo (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) vinajianika. Moshi mweupe wa sekunde chache si neno. Ukiendelea injini ikishapata moto, shuku maji yanayoingia kwenye silinda. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweusi kidogo mlimani usikutishe sana, maana huku juu hewa ni nyembamba na injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa) haiipati ya kutosha. Ikiwa inanguruma sailensa, yaani bila kukanyagwa mafuta, geuza mfuniko wa oili juu chini na uuweke juu ya tundu lake. Ukirushwa, ringi za pistoni zimekwisha.

Kuchemsha kunahitaji utulivu, kwa kuwa sababu yake inaweza kuwa ya elfu chache au ya milioni. Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yasiyo na mgandamizo huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mfuniko wa rejeta ukilegea tu, gari zima linachemka mlimani. Basi funga mfuniko mpya, kisha pandisha kutoka Uyole kuelekea Isongole, au Kitonga kama uko Iringa. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, binya mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa bado mgumu, au ukifungua na kuwasha ukaona mapovu yasiyokoma, gesi inapita kwenye gasketi iliyo kati ya bloku na hedi (kichwa cha injini), au hedi imepasuka. Wakati wa kushuka weka gia ya pili na ya tatu kwa zamu, uachie mafuta. Gia ikiruka yenyewe, gia boksi inadai kufunguliwa.

Sasa hesabu. Kiasi hiki ni cha mfano tu. Bei za spea ulizia dukani siku hiyohiyo. Tuseme nzima ni milioni 16. Tairi nne kwa 350,000 ni 1,400,000. Hedi na gasketi pamoja na ufundi 1,200,000. Klachi 500,000. Bushi na boljointi 400,000. Jumla 3,500,000, inabaki 12,500,000. Toa tena 800,000 kwa ajili ya yale usiyoyaona, unapata 11,700,000. Mwonyeshe muuzaji karatasi hiyo mstari kwa mstari. Haki ni ya pande mbili: akiwa na risiti ya mkanda wa taimingi uliobadilishwa karibuni, mpunguzie makato, kwa kuwa ukikatika kwenye injini hizi valvu hugonga pistoni.

Linganisha namba ya chasisi iliyogongwa kwenye reli na ile ya kadi, kisha namba ya injini, rangi na aina ya mafuta. Kadi ikiwa benki kama dhamana, deni limalizwe kwanza. Angalia faini za barabarani kwa namba ya gari. Andikishaneni mbele ya wakili, na sehemu ya mwisho ya fedha itoke umiliki ukishahamishwa TRA.