11.5 au ibaki 9.8? Ubishi wa kompresheni reshio kwenye joto la Tanga

Wiki ya pili sasa kuna hedi (kile kifuniko cha juu cha injini) ya 5A-FE, injini ya Toyota, iko juu ya benchi kwenye gereji moja pale Ngamiani, imefunikwa gazeti, haifungwi kwa sababu mwenye gari na fundi hawajaelewana. Kijana ana Corolla 110, anataka injini ifungwe kwa reshio ya 11.5, yaani nafasi ya silinda pistoni ikiwa chini iwe mara 11.5 ya ile inayobaki pistoni ikiwa juu, video ameshaangalia, hesabu ameshapiga, picha za pistoni zimejaa kwenye simu. Mzee, yaani fundi, anamjibu tu mwanangu, injini hii ilitoka kiwandani na 9.8, tuirudishe palepale au tuisogeze kidogo, yatosha. Kijana na wenzake wakitoka nje wanamcheka, eti fundi wa enzi za kabureta, anaogopa kivuli chake. Mi nimekaa pale siku kadhaa na kikombe cha kahawa nawasikiliza wote wawili, na naona mzee anaonewa.

Tuanze na upande wa kijana, maana hoja anayo, hajaota. Ukikamua mchanganyiko wa hewa na petroli zaidi kabla plagi haijapiga, unatoa kazi kubwa kutoka kwenye tone lile lile la mafuta. Hilo halina ubishi. Na anakuuliza, mbona Toyota IST zinazopita hapo nje na injini ya 1NZ-FE yenye 10.5 zinajaza petroli hii hii na hazifi? Mbona Mazda walitoa injini ya Skyactiv yenye 14 kwa 1? Kweli tupu. Ila 1NZ ina VVT-i (inayobadilisha muda wa valvu) na sensa ya noki inayosikiliza injini muda wote na kurudisha nyuma taimingi (wakati wa plagi kupiga) kabla we hujajua kama kuna tatizo, na ile Mazda inapuliza petroli ndani ya silinda kwenyewe, ikipoza hewa humo humo, na eksozi yake imechorwa upya ili gesi moto isibaki ndani. Reshio walipandisha baada ya kumaliza hayo mengine yote. Kijana wetu anataka namba ya mwisho bila zile kazi za mwanzo.

Sasa namba ambayo mi huwa naitafuna kila mjadala huu ukianza. Kuna kanuni ya zamani ya kukokotoa ufanisi wa injini ya petroli kwa reshio yake, ya kinadharia kabisa, haihesabu joto linalopotea wala msuguano. Ukiipigia 9.5 inakupa asilimia 59.4. Ukiipigia 11.5 inakupa 62.4. Gawanya hiyo kwa ile unapata ongezeko la asilimia 5 hivi, na hapo ni peponi, kwenye injini ya chuma inapungua. Yaani injini ya hosipawa 100 umeipandisha reshio mbili nzima, umechonga, umenunua pistoni, umelala macho, umepata hosipawa 4 au 5. Afu kadiri unavyopanda ndo faida inakonda, kutoka 8 kwenda 9 unapata asilimia 3 na nusu, kutoka 12 kwenda 13 hata 2 hazifiki. Namwambia kijana hizo hosipawa 5 ukimshusha shemeji yako na begi lake unazipata bure kwenye mlima, ananuna, lakini ndo hivyo.

Na hizo 5 zenyewe ni za mkopo. Injini ikianza kugonga (na hapa sisemi ile ya mtaani ya "gari imenoki", beringi zimekufa, nasema kugonga kwa moto ndani ya silinda) inabidi urudishe nyuma taimingi, na digrii chache tu za taimingi zinakula faida yote uliyoipata kwenye reshio na chenji yake. Kinachotokea ni kwamba plagi inapiga katikati, moto unasambaa kwenda pembeni, ule mchanganyiko uliobaki kwenye kona unazidi kubanwa na kupashwa, na kama petroli haistahimili unalipuka wenyewe kabla moto haujaufikia. Unasikia kama kokoto kwenye mkebe. Ukiachia hivyo safari nzima na mguu umekanyagia chini, kingo za ringi kwenye pistoni zinavunjika, gasketi inapasuka, pistoni inaliwa ukingoni kama mkate uliopitiwa na panya.

Jambo ambalo mzee analijua kwa mikono ila hajui kulisema kwa hesabu ni hili la hewa ya kwetu. Video nyingi za Kiswahili wanazoangalia hawa vijana zinatengenezwa Nairobi, au ni jamaa wa Arusha. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Presha ya hewa kule ni pungufu karibu asilimia 18 kuliko hapa Tanga, Raskazone unapoogelea. Kwahiyo silinda ya Nairobi inavuta hewa kidogo, inabana kidogo, hata reshio ikiwa kubwa presha ya mwisho haitishi. Mtu wa Nairobi akikwambia nimefunga 11.5 na gari inatembea safi hajakudanganya hata chembe, inatembea safi Nairobi. Ilete Tanga, hewa nzito ya pwani, Februari, jua la saa nane. Nilishaona gari ya rafiki iliyofungwa Arusha, kule ilikuwa inaimba, ikashuka huku, kufika Segera kwenye joto ikaanza zile kokoto, mwenyewe akadhani ni mawe yanarukia chini ya gari. Haki niitoe, unyevu wa bahari unasaidia kidogo, mvuke kwenye hewa unapunguza kugonga, ila haufuti joto na haufuti presha.

Petroli nayo sitaikalisha sana, kila mtu ana kisa chake. EWURA, mamlaka ya nishati na maji, wanatangaza bei kikomo kila mwezi na Tanga tuna mstari wetu kwenye lile tangazo, na mafuta yanawekwa vinasaba ili uchakachuaji ujulikane. Hiyo ni vituoni. Ukiishiwa njia ya Pangani usiku ukauziwa dumu, humo ndani kuna nini anajua Mungu na muuzaji, na tone la mafuta ya taa kwenye injini ya 9.8 utasikia uzito tu, kwenye 11.5 utasikia kokoto. Pampu zetu nyingi pia hazikupi kuchagua okteni (uwezo wa petroli kustahimili kugonga), ni petroli au dizeli. Japani kuna ya kawaida inayocheza kwenye 90 na ile ya juu inayogusa 100, na kiwandani wanajua gari hii itanyweshwa ipi. Hizi 5A-FE zilipangiwa ile ya kawaida.

Ila mzee naye nisimpambe kupita kiasi, ana tabia moja inanikera na mafundi wengi wa rika lake wanayo. Hedi ikishachongwa mara moja mbili kwa ajili ya ovahiti, wakiogopa reshio imepanda, wanafunga gasketi mbili. Hesabuni nami. 5A-FE ni cc 1,498, silinda moja cc 374.5, kwa 9.8 nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa ni cc 42.6. Bore (kipenyo cha silinda) ni milimita 78.7, kwahiyo kila nusu milimita ya gasketi ni kama cc 2.4. Ongeza gasketi nzima ya pili, unashuka mpaka kwenye 8 na point. Sawa, reshio imeshuka, lakini kuna ule uwazi mwembamba kati ya ukingo wa pistoni na uso wa hedi, wa kama milimita moja hivi, ambao kazi yake ni kuusukuma mchanganyiko wa pembeni uende katikati kwa kasi, uchanganyike, uungue haraka. Ukiufanya milimita mbili na ushee umeua huo msukumo, moto unatembea pole pole, kona zinabaki na mchanganyiko unaosubiri kulipuka. Umeshusha reshio ili isigonge na umetengeneza kona za kugongea. Nilimwambia, akanijibu "mbona zinatembea", nikanyamaza, ni mzee wangu.

Halafu wote wawili wanabishania namba ambayo hakuna aliyeipima. Juzi ndo tukapima. Tulipiga hedi mgongo chini, plagi na valvu zimefungwa, tukapaka grisi pembeni ya chemba (kile kibonde cha hedi moto unapowakia), tukaweka kipande cha plastiki angavu chenye tundu, tukajaza mafuta ya taa kwa sindano ya dawa mpaka kile kipovu cha mwisho kikatoka. Chemba ya kwanza cc 33, ya pili 32.5, ya tatu 34, ya nne 33. Mzee akakodoa macho. Ukijumlisha gasketi na lile bonde la pistoni, silinda ya pili ilikuwa 10.3 na jirani yake wa tatu 10.0. Yaani hedi ilishachongwa huko nyuma na mtu asiyejulikana, kijana alikuwa anaendesha 10 na kitu miaka yote akilalamika gari haina nguvu kwa kuwa ni ya 9.8. Na ili afike 11.5 anatakiwa abakize cc 35.7 tu. Kwa pistoni za kawaida hiyo ni kuchonga zaidi ya milimita moja juu ya iliyokwishachongwa, na hapo hedi inakonda, valvu zinasogelea pistoni, mkanda wa taimingi unapata ulegevu na kemshafti (inayofungua valvu) inachelewa.

Sehemu moja 11 na kitu ninaikubali bila kinyongo, nayo ni gari ya rally yenye kemshafti kali. Kemu ya namna hiyo inachelewa kufunga valvu za kuingiza, pistoni inaanza kupanda mlango uko wazi, sehemu ya hewa inarudi nje, kwahiyo ubanaji wa kweli ni mdogo kuliko ule wa kwenye karatasi. Hapo ukibaki na 9.8 injini inakuwa goigoi chini kabisa, haiamki mpaka mizunguko mikubwa. Kijana kemu zake ni za kiwandani. Na wenye ndoto za turbo, wao ndo wasiguse kabisa, Toyota wenyewe injini yao ya turbo, 1JZ-GTE, walianza na 8.5.

Mimi kwa Corolla ya kwenda kazini Jumatatu na kupanda Lushoto Jumamosi ningesawazisha chemba zote zilingane na ile ya tatu, ningetafuta gasketi moja ya unene sahihi, ningeishia 10 au 10.2, na pesa ya pistoni ningeipeleka kwenye rejeta. Ule mlima wa Mombo kwenda Soni, gia ya pili, mizunguko midogo, mguu chini, watu wanne, ndo mtihani wenyewe, si barabara tupu ya Pongwe usiku.

Jana jioni nimepita tena. Gazeti limeondolewa juu ya hedi, kijana ameleta rejeta ya safu mbili, na reshio anayoitaja sasa ni 10.5, si 11.5 tena. Mzee kamwangalia, kaweka kikombe chini, kamwambia leta kwanza hiyo gasketi tuipime unene.