Kutua kwa Fuller hakukuwa muujiza

Picha ile imezunguka sana: ndege mbili za mafunzo aina ya Avro Anson, moja imembeba mwenzake mgongoni, zimetulia kwenye nyasi karibu na Brocklesby, New South Wales, Australia. Ni tarehe 29 Septemba 1940. Kila inapowekwa, watu huandika maneno yale yale: muujiza, bahati ya mtende. Bahati ilikuwepo, hilo halina ubishi. Lakini ukiipa bahati sifa zote unamdhulumu Leonard Fuller, rubani aliyezitua, na unawafuta wenzake watatu waliokuwa naye angani siku ile.

Tuanze na jinsi zilivyonasana. Zote mbili zilitoka shule ya urubani ya jeshi la anga pale Forest Hill, jirani na Wagga Wagga, iliyoanzishwa Julai mwaka huo huo. Zoezi lilikuwa la kawaida: Corowa kwanza, kisha Narrandera, kisha nyumbani. Fuller, miaka 22, aliruka na mwongoza njia Ian Sinclair. Jack Hewson, miaka 19, alikuwa na Hugh Fraser. Wakiwa futi 1,000 juu ya Brocklesby wakakata kona. Mabawa ya Anson yako chini, na ndege ya namna hiyo humficha rubani kilicho chini yake, hasa ikilala ubavu. Fuller akampoteza Hewson machoni. Propela zikagongana, zikatafuna vifuniko vya injini. Mnara wa bunduki wa ndege ya chini, ya Hewson, ukajikita kwenye shina la bawa la kushoto la ndege ya juu, ya Fuller, na mkia wake ukaegemeza mkia wa juu upande huo huo wa kushoto. Bahati ni hapo: zilishikana mbele na nyuma, kwa hiyo hazikupinduana.

Baada ya hapo ilikuwa kazi. Injini zote mbili za Fuller zilizima. Za Hewson ziliendelea kunguruma kwa nguvu zote, na ndege zikaanza kuzunguka taratibu zikiwa zimebebana. Vipini vya kupunguza moto wa injini hizo vilikuwa kwenye ndege ya chini, ambako Hewson hakuweza kukaa. Bodi ya Anson ni mabomba ya chuma yaliyovikwa kitambaa, na kitambaa hakizuii propela. Propela ya ndege ya juu iliipasua bodi na kumjeruhi Hewson mgongoni. Sinclair na Fraser waliruka kwa parachuti, Hewson akafuata na mgongo wake ule.

Sasa hesabu alichobaki nacho Fuller. Aileroni na flapu, vibao vya kwenye mabawa vya kuiongoza ndege, zinazotii. Nguvu anayoipata kutoka kwenye injini asizoweza kuzigusa. Uzito wa ndege nyingine nzima, na Anson moja ikiwa imepakiwa hukaribia tani tatu na nusu. Rubani wa kawaida akitaka kutua hupunguza moto kidogo kidogo, na akiona mambo si mambo huongeza moto na kuzunguka tena. Fuller hakuwa na nafasi hiyo. Hata magurudumu ya ndege ya chini, ambayo kwenye Anson hushushwa kwa kuzungusha mkono zaidi ya mara 140, hakukuwa na mtu wa kuyashusha. Alisafiri kama kilomita 8 tangu zigongane, akachagua malisho mapana kusini magharibi mwa Brocklesby, akatua kwa tumbo. Ziliteleza kama mita 180 zikasimama.

Mchunguzi wa ajali za jeshi la anga, Arthur Murphy, aliruka moja kwa moja kutoka Melbourne kwenda kumhoji. Jibu la Fuller ndilo ninalotaka lisomwe chini ya picha ile: alifanya alichofundishwa kuhusu kutua kwa dharura. Tua karibu na nyumba ya watu, na ukiweza ukabili upepo. Nyumba, kwa sababu majeruhi anahitaji msaada haraka. Upepo, kwa sababu ukivuma kilomita 20 kwa saa usoni, kasi yako juu ya ardhi inapungua kwa 20 hizo hizo, na mteleko unafupika. Alizunguka mara mbili hivi akilipima eneo. Akaongeza tu kwamba usukani ulikuwa mzito.

Alipandishwa cheo kuwa sajini. Pia alifungiwa kambini siku 14 na kukatwa mshahara wa siku 7, kwa kuzungumza na magazeti bila ruhusa. Naelewa amri ya kunyamaza wakati wa vita, lakini adhabu hii naiona haikustahili: ndege mbili zilizobebana katikati ya malisho, kila mtu wa pale aliziona. Baadaye alipigana Mashariki ya Kati na kikosi namba 37 cha jeshi la anga la Uingereza, akapata medali ya Distinguished Flying Medal kwa alichofanya Palermo Machi 1942, kisha akarudi Australia kufundisha marubani huko Sale, Victoria. Tarehe 18 Machi 1944, akiwa kwenye baiskeli karibu na Sale, aligongwa na basi akafa.

Sinclair aliondoka jeshini 1945. Hewson alitibiwa Albury, akamaliza mafunzo Oktoba ile ile, akaondoka 1946. Ndege ya juu ilitengenezwa ikarudi angani. Ya chini ikawa ya kufundishia ardhini.

Fraser hatajwi na wengi. Alipelekwa kikosi namba 206, Aldergrove, Ireland ya Kaskazini. Tarehe 1 Januari 1942, katika safari ya mazoezi ya kawaida kabisa, ndege yake aina ya Hudson iligonga mti, akafa na wenzake watatu. Juu ya Brocklesby alikuwa na futi 1,000 chini yake na dakika za kuufikia mlango. Kwenye kimo cha mti parachuti haina muda wa kufunguka.