Harufu ya Soksi Ndani ya Ndege

Ndege ikishatua Manda, safari ya Lamu humalizikia majini. Juzi nilivuka na binti wa ami yangu, mhudumu wa ndege. Alikaa tezi, nahodha alipowasha mashine, moshi ukampiga usoni, akahamia omo. "Huu angalau nauona," akasema. "Wa ndegeni hunuka soksi chafu, ukapotea. Ukilalamika unaambiwa umechoka."

Ndege nyingi huchota hewa ya abiria kwenye injini, pale inapokandamizwa kabla ya kukutana na mafuta ya kuwaka. Sili, yaani kizibo kinachozuia oili ya kulainisha injini, ikivuja, mvuke wa oili huingia nayo. Chujio za hewa, ziitwazo HEPA, zimo, lakini kazi yake ni hewa inayozungushwa tena, nazo hunasa vumbi na vijidudu, si mvuke. Boeing 787 ni tofauti: huvuta hewa ya nje kwa kompresa za umeme, si kwenye injini.

Oili hiyo mara nyingi huwa na trikresili fosfeti, sumu ya mishipa ya fahamu. Wanaharakati wanaosema hewa hiyo huwadhuru wahudumu hupenda kutaja Morocco, 1959, ambako maelfu walipooza baada ya kula mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na oili ya injini za ndege. Mfano huo hutisha kuliko unavyothibitisha: wale waliila, na aina iliyo kali zaidi imepunguzwa sana katika oili za leo.

Upande wa pili, unaosema hewa ni salama, nao una tundu lake. Chuo Kikuu cha Cranfield, Uingereza, kilipima hewa katika safari 100 na mwaka 2011 kikasema viwango havikupita mipaka ya usalama. Sawa, lakini hizo zilikuwa safari za kawaida. Anayeumwa huzungumzia ile dakika moja mbaya, na dakika hiyo ndiyo isiyopimwa. Joanne Turner, mhudumu wa ndege wa Australia aliyevuta moshi ndegeni mwaka 1992, alishinda kesi yake, ushindi ukawa wa mwisho mwaka 2010, na alilipwa kwa kikohozi kisichokoma. Kuhusu ubongo, hukumu ile haimsaidii mtu.

Kuumwa kichwa, ganzi, kusahau: hata usiku wa kazi bila usingizi huleta hayo. Ndiyo maana naona ubishi huu ni wa kukosa vipimo kuliko wa kukosa wataalamu. Kiwekwe kihisio cha kupima hewa kebini, na damu ichukuliwe mara ndege inapotua. Bila hivyo kila upande utabaki na dhana yake.

Tulipofika gati la Lamu alitoa kidaftari mkobani. Tarehe, namba ya safari, dakika harufu ilipoanza, kurasa tatu zimejaa. Nikamuuliza amempa nani. "Hajauliza mtu."