Aliyetoka katoka

Assalaam aleykum. Nimesoma habari ya mechi ya mtaani hapo Wete iliyovunjika baada ya kijana aliyetolewa kwa kubadilishwa kurudishwa uwanjani na kufunga. Wengi mnamlaumu mwamuzi. Nimechezesha mechi kama hizi Chake Chake miaka mingi, na kwangu kosa lilianza kabla ya filimbi.

Sheria namba 3 ya soka inaruhusu aliyetoka kurudi kwenye mechi za vijana, maveterani na za mitaani, chama cha taifa kikiridhia. Kikikataa, katoka. Akijiingiza bila ruhusa ni kadi ya njano. Kuhusu goli, mwamuzi akimgundua kabla mpira haujaanzishwa tena, goli analifuta. Ukishaanzishwa, goli halifutiki tena, hata mkipiga kelele mpaka Magharibi.

Siku moja niliishika orodha ya akiba imerowa mvua, wino umetapakaa, na jezi namba 8 wako wawili upande mmoja. Niliumia sana, maana vijana wale walijituma kweli. Jamani makocha, mpeni mwamuzi majina yanayosomeka, na mkubaliane mbele yake mabadiliko ni mangapi.