Bunge ndo linatunga kodi, sawa, ila inakomea wapi?

Juzi barazani hapa Ngamiani, Tanga, tuko na kahawa na kashata zetu, dogo mmoja wa ofisini katoa slipu yake ya mshahara analalamikia makato, anauliza kodi inakomea wapi, basi wazee wakamrukia, we unataka lami na dawa hospitali, kodi hutaki? Mi naona walimwonea.

Sio kwamba wamekosea yote. Serikali bila kodi haiendi, na ibara ya 138 ya Katiba iko wazi, hakuna kodi bila sheria ya Bunge, kwahiyo TRA, mamlaka ya mapato, hawajitungii tu. Na kodi ya mshahara inapanda kwa ngazi, mpaka laki mbili na sabini kwa mwezi hukatwi kitu. Hapo sina neno.

Lakini dogo hakusema hataki kulipa, kauliza inakomea wapi, na hapo Katiba kimya. Inasema nani atunge, haisemi kiasi gani. Ibara ya 24 inalinda mali ya mtu, ila "kwa mujibu wa sheria", na sheria anatunga nani? Bunge hilohilo. Hata Marekani mahakama yao ya juu iliizuia kodi ya mapato 1895, wakabadili katiba 1913 kuiruhusu, mchezo ukaisha.

Sasa chukua mshahara wa 1,200,000. Mfuko wa jamii 10%, 120,000 imeenda. Inabaki 1,080,000 ndo inapigwa kodi, 128,000 ya ile milioni ya kwanza, ya juu yake 30% ambayo ni 24,000, jumla 152,000. Kama alisoma kwa mkopo wa bodi ya mikopo kuna 15% nyingine ya mshahara wote, 180,000. Anabaki na 748,000, na akinunua mfuko wa saruji kuna VAT 18% ndani yake.

Mi kinachonikera ni ile milioni moja. Ukishaivuka kila shilingi ya juu yake inakatwa 30%, uwe dogo huyu au bosi wa milioni ishirini, ngazi zimeisha. 2020 waliusogeza huo mstari kutoka 720,000, vizuri, ila hausogei wenyewe na bei, unasubiri mtu akumbuke. Kwahiyo unaongezwa mshahara kufidia mchele na nauli tu, hujatajirika hata kidogo, ushapanda ngazi ya kodi, na hakuna mbunge alosema ndiyo! Sa hiyo ibara ya 138 imelinda nini?

Wazee wenyewe walikua wanawakimbia mgambo wa kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, mpaka ilipofutwa 2003, mmoja kakiri huku anacheka alikua anajificha kwenye mashamba ya mkonge. Dogo ajifiche wapi, hela inakatwa haijamfikia.

Mi ningetaka sheria iseme ngazi zote zisogee kila Julai kwa kiasi bei zilivyopanda, serikali ikitaka zaidi ya hapo ije bungeni iombe, tuone nani anainua mkono.