Asilimia 3 huanzia kwenye tangazo la kazi

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka kila mwajiri Tanzania mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri wenye ulemavu waliokidhi sifa, wasipungue asilimia 3. Hapo ndipo baadhi ya waajiri hutoa kikokotoo: asilimia 3 ya 20 ni 0.6, mtu hakatwi vipande, basi hatudaiwi hadi tufike wafanyakazi 34, ambapo asilimia 3 inatimiza mtu mmoja. Sikubaliani kabisa. Kama deni lingeanzia 34, sheria ingetaja 20 kwa ajili gani? Taasisi yenye watumishi 20 iajiri mmoja.

Lakini dhuluma kubwa imejificha kwenye maneno "waliokidhi sifa", kwa sababu sifa hizo huandikwa na taasisi yenyewe. Chukua tangazo la nafasi ya mhasibu lenye sharti: "awe na leseni ya udereva daraja D". Kazi ya mhasibu iko mezani, kwenye hati za malipo na mizania. Sharti limenakiliwa tu kutoka tangazo la zamani, na asiyeona ameshaenguliwa kabla vyeti vyake havijafunguliwa. Huo ni ubaguzi. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamlinda hata mwombaji, na tofauti inaruhusiwa pale kazi yenyewe inapoidai. Mwombaji akionyesha dalili za kubaguliwa, ni juu ya mwajiri kuthibitisha kwamba hakubagua. Kwa hiyo ofisa utumishi apitie kila sharti na orodha ya majukumu mkononi: ni jukumu lipi haliwezekani bila hili? Asipoliona, afute.

Usaili nao una mitego yake. Barua ya wito iulize mapema msailiwa anahitaji nini: nukta nundu (maandishi ya kugusa ya wasioona), maandishi makubwa, muda wa ziada, chumba cha chini, mkalimani wa lugha ya alama. Kiziwi asiambiwe aje na ndugu yake. Ndugu huweza kumjibia, na istilahi za fani hazijui. Usaili ukiwa mrefu wanahitajika wakalimani wawili, wapokezane kila dakika 20 hadi 30, maana mkalimani aliyechoka huanza kuacha maneno na anayepoteza alama za usaili ni msailiwa. Fedha zao zitengwe kwenye bajeti ya usaili, kama zinavyotengwa posho za wanajopo.